Visiwa vya Eolie mwezi Juni, kwa macho ya mpima gesi

Neno "volkano" lilisafiri mbali kabla ya kuingia katika Kiswahili, na safari hiyo ilianzia kwenye kisiwa kidogo kaskazini mwa Sicilia, nchini Italia. Kisiwa chenyewe kinaitwa Vulcano, na Warumi wa kale waliamini kwamba chini yake ndipo palipokuwa na kiwanda cha mhunzi cha mungu wao wa moto. Kazi yangu ni kupima gesi zitokazo kwenye volkano, na kila nikipata nafasi ya kurudi katika visiwa hivyo, ambavyo kwa pamoja huitwa Eolie, huchagua wiki mbili za mwanzo za Juni. Mara ya kwanza nilikwenda Agosti, nikapanda mlima usio na kivuli hata kimoja chini ya jua lililochoma mawe, huku nyuma yangu kukiwa na foleni ya watu iliyoanzia gatini, nami sikurudia kosa hilo.

Vinavyokaliwa na watu ni visiwa saba, na vyote vimezaliwa na moto. Chini ya eneo hili bamba la ganda la dunia lililobeba sakafu ya bahari ya Ionia linazama chini ya Italia ya kusini, na maji yanayokamuliwa kutoka kwenye bamba hilo husababisha miamba ya kina kirefu kuyeyuka kwa urahisi zaidi. Magma inayopatikana kwa njia hiyo hupanda ikiwa imebeba gesi nyingi, hasa mvuke wa maji, kaboni dioksidi na gesi za salfa. Sehemu kubwa ya tofauti anayoiona mgeni kati ya kisiwa kimoja na kingine inatokana na jinsi gesi hiyo inavyopata njia ya kutoka. Yeyote aliyewahi kusonga ugali analifahamu jambo hili: maji matupu yakichemka mapovu hupasuka bila fujo, lakini uji ukishakuwa mzito povu hunaswa, hujaa, kisha hupasuka kwa kishindo na kurusha tone linalouchoma mkono wa msongaji.

Vulcano ni uji mzito. Kutoka bandari ya Milazzo boti ya mwendo kasi hufika huko chini ya saa moja, na kabla hujateremka harufu ya mayai yaliyooza imekwisha kukupokea. Kasoko kuu, yaani shimo la mdomo wa volkano, iko juu ya kilima cha mita 391, na mwanzoni mwa Juni, ukianza kupanda alfajiri wakati vichaka vya ginestra bado vimechanua maua ya njano, saa moja hivi inatosha kukufikisha ukingoni. Huko juu kuna matundu yanayofuka mvuke, na kandokando yake salfa imeganda kwa fuwele za njano. Mlipuko wa mwisho ulianza mwaka 1888 na kuendelea hadi 1890, na mwanasayansi Giuseppe Mercalli aliuchunguza kwa makini kiasi kwamba aina hiyo ya mlipuko inaitwa "wa kivulkano" hadi leo. Tafuta chini yale mawe makubwa yenye nyufa juu, mithili ya gamba la mkate uliotoka tanurini. Yaliporushwa, ngozi yake ilipoa na kuwa ngumu yakiwa bado hewani, lakini gesi ya ndani iliendelea kuvimba hadi ngozi ikapasuka. Kwangu mimi hakuna jiwe linaloeleza kazi ya gesi vizuri kuliko hilo.

Hata hivyo, hatari inayonishughulisha zaidi Vulcano haiko kileleni. Mwaka 2021 utoaji wa gesi uliongezeka sana, na mwezi Novemba wakazi wa eneo la bandarini waliamriwa wasilale majumbani mwao, kwa kuwa kaboni dioksidi ilikuwa ikipenya kutoka ardhini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na usiku usio na upepo hutulia mabondeni na katika vyumba vya chini kama maji yanavyotuama. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, na vijiji vilivyo chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira wanaifahamu vyema, na neno lao, "mazuku", ndilo linalotumiwa na wanavolkano wa dunia nzima wanapoandika kuhusu mashimo yenye gesi hiyo. Kwa hiyo Kiswahili, kilichopokea neno kutoka Vulcano, nacho kimeipa taaluma neno lake, ingawa ningependa deni hilo lingelipwa kwa jambo lisiloua. Utulivu wa hewa wa Juni, unaowafurahisha mabaharia, ndio huo huo unaoiruhusu gesi kutuama. Mgeni asilale chini wala asimwachie mtoto acheze kwenye mabonde yaliyo karibu na matundu.

Lipari iko jirani kabisa, na ndiyo kubwa kuliko zote. Upande wake wa kaskazini mashariki kuna mambo mawili yanayoonekana kupingana: mteremko mweupe wa pumisi, lile jiwe jepesi la kusugulia visigino ambalo huelea majini, na karibu yake mkondo wa obsidiani, kioo cheusi kizito chenye makali ya wembe. Kikemia ni kitu kimoja. Pumisi ni magma iliyofurika mapovu ikaganda ghafla kabla hayajatoka, na obsidiani ni magma iliyokwisha kupoteza gesi yake kabla ya kumwagika. Watu wa Enzi ya Mawe walisafirisha kioo cha Lipari kwa mitumbwi hadi mbali, kama wenzao wa Bonde la Ufa walivyochonga kile cha Eburru, karibu na Naivasha. Machimbo ya pumisi yalifungwa mwaka 2007, baada ya visiwa kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Salina nitaipita haraka, si kwa dharau, bali kwa sababu volkano zake zimelala. Nenda ukale vitumba vya maua ya kichaka cha kepa vilivyohifadhiwa kwa chumvi, kwani Juni ndiyo msimu wa kuvichuma.

Stromboli ni kinyume cha Vulcano. Magma yake ni nyepesi na njia yake iko wazi, hivyo gesi hukusanyika kuwa mapovu makubwa yanayopanda na kupasuka juu kila baada ya dakika kumi hadi ishirini hivi, usiku na mchana, kiasi kwamba mabaharia walikiita kisiwa hicho mnara wa taa wa Mediterania. Ukawaida huo unadanganya. Tarehe 3 Julai 2019 mlipuko mkubwa ulimuua mpanda mlima mmoja, na tangu hapo kilele cha mita 924 kimefungwa kwa wageni, ambao huishia mita 400 wakiwa na mwongozaji. Masharti hubadilika kulingana na hali ya mlima, basi uliza siku hiyo hiyo. Wapimaji wa huko hufuatilia uwiano wa kaboni dioksidi na gesi ya salfa, kwa kuwa kaboni dioksidi huachana na magma ikiwa bado kina kirefu, na ikiongezeka ghafla kuliko salfa huashiria kwamba magma mpya inapanda.

Kasoro pekee ya Juni ni kwamba jua huzama karibu saa mbili na nusu usiku, na kabla ya giza mlipuko huonekana kama moshi tu. Subiri. Mwanga mwekundu hutangulia, vipande vya moto hubiringika kwenye mteremko wa Sciara del Fuoco hadi baharini, na ukihesabu taratibu, sekunde mbili au tatu baadaye, mshindo unafika.