Daftari la msomaji: mahali pa mwanafunzi kusema lake

Ukisahihisha insha za darasa zima kuhusu riwaya ya Takadini, utakutana na sentensi ileile kila baada ya karatasi mbili tatu: "Ni mvumilivu, ana mapenzi ya dhati, anafaa kuigwa na jamii." Sekai, mama yake Takadini, anafaa kuigwa na jamii. Chivero, mzee aliyewapokea, naye anafaa kuigwa na jamii. Sentensi hiyo imetoka kwenye madesa, yaani vitini vya kukariri, inaleta alama, na mwanafunzi anaweza kuiandika bila kuifungua riwaya yenyewe.

Ninafundisha Kiswahili sekondari huku Kanda ya Ziwa, na jambo hili linaniuma. Kitabu hicho cha Ben Hanson kinamhusu Takadini, mtoto aliyezaliwa na ualbino. Mila za kijiji chao zilitaka auawe, mama yake akatoroka naye. Wanafunzi wangu wamekulia kanda ambayo watu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo. Haiwezekani wakawa hawana la kusema. Wanalo, ila hawajapewa pa kulisemea.

Mimi nimewapa daftari la msomaji. Ni daftari dogo tu, mbali na lile la notsi. Mwanafunzi anagawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto ananakili kipande kifupi cha kitabu kilichomgusa, kilichomkera au kilichomshinda kuelewa, pamoja na namba ya ukurasa. Kulia anaandika kile kilichomjia alipokisoma. Dakika kumi za mwisho wa kipindi zinatosha. Safu ya kushoto msiidharau hata kidogo, maana ndiyo inayomrudisha kitabuni. Ikikosekana, daftari linageuka kuwa la kumbukumbu za kila siku, ambalo ni jambo jema lakini si somo la fasihi.

Kazi kubwa iko kwenye swali. Ukiuliza "Kitabu hiki kimekufundisha nini?" utaletewa mahubiri. Ukiuliza "Eleza hisia zako kuhusu Takadini" utajibiwa "Nilisikitika sana", basi. Swali zuri linamweka mwanafunzi ndani ya tukio na kumtaka achague. Moja ninalolitumia sana ni hili: siku Sekai anaingia kijijini kwa Mtemi Masasa, alikokimbilia, na mtoto mgongoni, wewe ukiwa mwanakijiji pale, ungesimama wapi na ungefanya nini?

Binti mmoja, mkimya sana darasani, alianza kama walivyoanza wenzake: angempokea Sekai, angempa chakula. Kisha akakata mistari yote hiyo. Chini yake akaandika kwamba kwa kweli angesimama nyuma ya mama yake na kusubiri aone watu wazima wanafanya nini. Akaendelea kueleza kuhusu mwenzao wa shule ya msingi, mwenye ualbino, aliyekaa dawati la mbele kwa sababu hakuuona ubao vizuri, akiwa na kofia pana hata ndani ya darasa. Hakuna aliyekaa naye. "Mimi sikumtukana," aliandika, "ila sikukaa naye."

Sentensi hiyo ina uhakiki mzito kuliko kurasa nyingi za madesa. Binti yule alikuwa ameligundua jambo lililomo katika riwaya: kutengwa kwa Takadini hakuletwi na wakatili peke yao, bali pia na umati unaotazama. Niliandika pembeni swali moja tu: "Ni nani kitabuni aliyetazama bila kusema kitu? Mtafute." Akarudi kitabuni, akawatafuta.

Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi wa Marekani, aliliandikia hili kitabu kizima mwaka 1938. Hoja yake ni kwamba maana huzaliwa pale msomaji na matini wanapokutana, kila mmoja akiwa na vyake. Lakini alisisitiza pia kwamba msomaji lazima arudi kwenye matini kuona kama alichokisoma kimo kweli. Walimu wengi tunaikumbuka nusu ya kwanza tu.

Daftari hili silipi alama wala sisahihishi tahajia. Mwanafunzi akichanganya Kisukuma na lugha ya mtaani, sawa. Kalamu nyekundu ikigusa ukurasa mara moja tu, wiki ijayo utaletewa "anafaa kuigwa na jamii". Darasa la wanafunzi themanini huwezi kulisoma lote kwa wiki, kwa hiyo ninachukua madaftari ya safu moja ya madawati kwa zamu, na kila mmoja anapata jibu la mstari mmoja au miwili: swali, au "hapa umenifikirisha". Nimewaahidi pia kwamba ukurasa ambao mwanafunzi ameukunja sitausoma. Ahadi hiyo naitunza kwa moyo wote, kwa sababu wanafunzi huijaribu.

Lakini kuna mpaka, na ni lazima wauelewe siku ya kwanza. Ukimkaribisha mtoto aandike kuhusu nafsi yake, kuna siku utasoma habari ya kipigo, ya mjomba, ya ndoa inayopangwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, na mwalimu yumo. Kwa hiyo nawaambia mapema: nikisoma kwamba unaumizwa, sitanyamaza, na nitakuambia wewe kwanza kabla ya kumwambia mtu mwingine. Namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, wanaiandika ndani ya jalada.

Walimu wenzangu huniuliza, na mtihani wa Taifa je? Swali lao ni la haki, kwa sababu mtahini anataka hoja na mifano kutoka kitabuni. Kabla ya mitihani tunayafungua madaftari upya. Kila mwanafunzi anachagua kurasa tatu, anapigia mstari pale alipogusa dhamira, mgogoro au tabia ya mhusika, kisha anaiandika hoja hiyo upya kwa lugha ya insha. Habari zake binafsi anaziacha daftarini. Mfano wa kitabuni ulio kwenye safu ya kushoto anauhamisha kama ulivyo. Binti yule aliandika aya kuhusu unyamavu kama chanzo cha unyanyapaa, akatoa mifano miwili kutoka kijijini kwa Masasa, na hakuna kitini hata kimoja nilichowahi kuona chenye hoja hiyo.