Tairi la moto halipunguzwi upepo, hata kama Mombo kunawaka jua

Kila Desemba watu wakija Moshi kula sikukuu nyumbani, na Januari wakianza kurudi Dar, nasikia maneno yaleyale hapa kwenye matairi: "Fundi, nilivyosimama Mombo nikagusa matairi nikakuta ya moto balaa, nikamwambia kijana apunguze upepo yasije yakapasuka." Na mwingine hajaondoka bado anataka nimuwekee upepo wa psi 26 badala ya 32 eti njiani yatajaa yenyewe. Jamani hapana! Hiyo ndo inayopasua matairi.

Tairi kupata moto safarini ni kawaida, na upepo ukipata moto presha inapanda, kwa hiyo gari lililoondoka na 32 asubuhi likifika Same au Mombo likasoma 36 mpaka 38 hamna tatizo lolote. Waliotengeneza gari wanalijua hilo. Ile namba ya kwenye stika pale mlangoni kwa dereva ni ya tairi la baridi, yani gari limelala au limesimama masaa 3 hivi, na kupanda kwake njiani wameshakuhesabu. Sasa wewe ukitoa upepo mpaka geji isome 32 wakati tairi lina moto, likipoa unabaki na 27 au 28. Tairi legevu linabonyea ubavuni kila linapozunguka, kule kubonyea ndo kunazalisha moto, moto unaachanisha mpira na nyuzi zake, na hapo uko spidi 100 gari limejaa watu na mikungu ya ndizi kwenye keria. Likipasuka unasema upepo ulizidi. Mimi nikilivua kwenye ringi nakuta ndani unga mweusi wa mpira kama mkaa uliosagwa, na ubavuni kuna mstari umelika umezunguka tairi zima, huo unga hauletwi na upepo mwingi, ni tairi lililotembea halina upepo wa kutosha.

Ukisimama kula zunguka gari uguse matairi yote manne. Yakiwa na moto sawasawa nenda kanywe chai yako. Moja likizidi wenzake ndo uhangaike, ama lina pancha ya taratibu ama breki imeng'ang'ania. Na nunua geji yako mwenyewe, zinauzwa bei ya kawaida tu, pima asubuhi kabla hujatoka getini, na spea upime maana wengi wanaikumbuka siku ya pancha.

Naitrojeni nayo, eti ukijaza hiyo badala ya upepo wa kawaida, presha haipandi. Inapanda. Upepo wa kawaida wenyewe asilimia 78 ni naitrojeni.

Wengine wanasema "Tairi halijawa kipara kwa hiyo zima." Soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, 2314 ni wiki ya 23 mwaka 2014, mpira umeshakauka huo hata kama haujalika.

Gari likichemsha usifungue kifuniko cha rejeta wala usilimwagie maji ya baridi, zima, kaa pembeni lipoe kwanza.

Usingizi: dirisha wazi na mziki mkubwa haviutoi, mnajidanganya, na ukishashiba Korogwe ile barabara ya kwenda Segera inalaza watu. Kahawa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo kunywa, lala dakika 15 au 20 hapohapo kwenye maegesho, ukiamka ndo uondoke.

Alafu kuchimba dawa. Watu wanasimama popote penye kichaka, hata kwenye kona, nusu ya gari iko kwenye lami, wanasema ni dakika moja tu. Roli likitokea kwenye kona halijui kama ni dakika moja. Toka nje ya lami kabisa, na kama gari limeharibika weka pembetatu mbali, matawi usiku hayaonekani, na mawe mliyowekea matairi muyatoe barabarani kabla hamjaondoka, nyuma anakuja mtu na pikipiki yenye taa hafifu.