Maikrowevu ikirusha cheche, usiitupe bado

Cheche zikianza kuruka ndani ya maikrowevu, wengi huchomoa plagi na kuihesabu kuwa imekufa. Mara nyingi haijafa, imechafuka tu. Tazama ukuta wa ndani, aghalabu ule wa kulia: utaona kipande chembamba kama kadi, cha rangi ya fedha au kahawia. Huo ni ulanga, madini yanayobanduka tabaka kwa tabaka, nao umefunika tundu ambalo mawimbi huingilia. Mafuta na mchuzi vikirukia hapo na kuungua, hubaki masizi. Masizi hayo hupitisha umeme, ndipo cheche zinapozaliwa.

Wapo wanaodhani kadi hiyo ni karatasi ya kiwandani iliyosahaulika, wakaing'oa. Bila kadi, mvuke na mafuta huingia moja kwa moja hadi kwenye magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi, na hapo ndipo maikrowevu hufa kweli. Kadi ikiwa chafu tu, ipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha iache ikauke kabisa. Ikitoboka au kuungua, badilisha. Ulanga huuzwa vipande vikubwa. Unapima kwa ile ya zamani na kukata kwa mkasi. Karatasi ngumu ya boksi haiwezi kushika nafasi yake, itawaka.

"Uchafu uliogandamana dawa yake ni waya wa kusugulia sufuria." Hapana. Waya huo hukwaruza rangi na kuacha chembe za chuma, ambazo nazo zitarusha cheche. Chemsha humo bakuli la maji yenye vipande vya limau kwa dakika tatu au nne, acha mlango umefungwa kwa muda kidogo ili mvuke ulainishe uchafu, kisha pangusa. Tumbukiza kijiko cha mti kwenye bakuli kabla ya kuwasha, kwa sababu maji ya maikrowevu yanaweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa yametulia tuli, halafu yakakulipukia usoni ukiyagusa.

Rangi ya ndani ikibanduka, si kila rangi ya chuma inafaa. Ipo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Piga msasa kwanza uondoe kutu. Kutu ikishatoboa bati, hapo sitakushauri kupaka chochote: ukuta huo ndio unaozuia mawimbi yasitoke.

Je, mawimbi hubaki ndani baada ya kuzima? Hayabaki, kama vile mwanga usivyobaki chumbani ukizima taa. Ingiza mkono usafishe bila hofu.

Kinachobaki ni umeme, tena nyuma ya kifuniko cha nje. "Nimeshachomoa, naweza kufungua" ni dhana ambayo sina mzaha nayo. Magnetroni hufanya kazi kwa takriban volti 4,000, na kapasita inayoisaidia huweza kushikilia chaji baada ya plagi kutoka ukutani. Nyingi zina rezista ya kuimaliza chaji hiyo, lakini rezista ikifa haikupigii hodi. Skrubu za kifuniko hicho mwachie fundi aliyejifunza kazi hii. Na wanaovunja magnetroni ili wapate sumaku zake wajue kwamba baadhi zina kauri ya oksidi ya berili, ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Mwisho ni fyuzi. Ikikatika pale unapofungua au kufunga mlango, kuweka nyingine hakutibu kitu. Mlango una swichi kadhaa, kwa kawaida tatu, na mojawapo kazi yake ni kuikata fyuzi makusudi pale wenzake wanapogoma kuzima. Fundi anayeunganisha nyaya ili kuziruka swichi hizo anakurudishia maikrowevu inayoweza kuwaka mlango ukiwa wazi. Jicho ndilo huumia mapema, maana lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuondoa joto.