Mwenye chuo hapangi alama

Wengi hudhani chuo kikuu binafsi ni kama duka: mwenye mali akitaka fulani afaulu, basi kafaulu. Kwa kawaida sivyo. Wadhamini hulinda mali na dira. Baraza la chuo hupitisha bajeti. Taaluma ni ya seneti, yaani chombo cha wanataaluma wa chuo. Alama huanzia kwa mhadhiri, hujadiliwa idarani, hukaguliwa na mtahini wa nje, hupita bodi ya shule kuu (kitivo) chini ya amidi, mkuu wake, ndipo seneti iidhinishe. Ndiyo maana rufaa ya alama iliyorukia kwa makamu mkuu wa chuo mara nyingi hurudishwa idarani. Mwenye mali hupenya kwingine, kwenye pesa: shule kuu ikinyimwa wahadhiri, seneti hubaki kulalamika tu.