Jenerali Slim, vidonge vya njano na askari wa keya waliokwenda Burma

Kila shule ikija kwetu makumbusho, tukifika tu kwenye kabati la vita kuu ya pili lazima atokee mtoto mmoja anyooshe mkono aulize, mwalimu, si Idi Amin alipigana Burma? Kaambiwa nyumbani. Jibu ni hapana, Amin mwenyewe ndo alipenda kusema hivo, lakini keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa huku Afrika Mashariki, alijiunga mwaka 1946, vita vimeshaisha, na kazi aliyoanza nayo ni msaidizi wa mpishi. Hapo kwa mpishi watoto wanacheka mpaka basi. Ila nikiwageuzia swali, haya sasa, hao Waganda waliopigana Burma kweli, yaani Myanmar ya leo, jenerali wao alikuwa nani, kimya. Hata walimu wao wanaangalia dari.

Aliitwa William Slim. Najua, najua. Hapa kwetu ukisema slim mtu wa umri wangu anakumbuka Rakai na Masaka miaka ya themanini, ukimwi unakondesha watu mpaka ukaitwa siliimu. Huyu ni mwingine kabisa na wala hakuwa mwembamba, alikuwa mtu wa kifua na kidevu kikubwa, ukimwona kwenye picha utasema ni mwenye duka la mbao kaazima kofia ya jeshi.

Kazaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 6 Agosti 1891. Baba yake alikuwa na biashara ya vifaa vya chuma, biashara ikafa, familia ikahamia Birmingham, na kijana William pesa ya chuo hakuna, basi akaenda kufundisha shule ya msingi ya watoto maskini, baadae akawa karani kwenye kampuni ya mabomba ya chuma. Jeshi la Uingereza enzi hizo uofisa ulikuwa mambo ya watoto wa wenye nyumba kubwa. Yeye alipenya kupitia mafunzo ya maofisa pale chuo kikuu cha Birmingham, na hata mwanafunzi wa pale hakuwa, halafu 1914 vita vikalipuka na mlango ukafunguka wenyewe. Gallipoli kule Uturuki 1915 akajeruhiwa vibaya, Mesopotamia, Iraki ya leo, akajeruhiwa tena na akapata medali ya ushujaa, na baada ya vita akahamia jeshi la India kwa sababu huko mtu aliweza kuishi kwa mshahara wake bila kumwomba baba. Akawa na Wagurkha, askari wa kutoka Nepal, miaka mingi, akajifunza lugha yao na Kiurdu, na ili kuongezea mshahara alikuwa anaandikia magazeti hadithi kwa jina la bandia, Anthony Mills. Ofisa wa jeshi na kazi ya pembeni, kama sisi tu.

Mwaka 1940 alikuwa huku upande wetu wa dunia, Gallabat, mpakani mwa Sudani na Ethiopia, anaongoza brigedi dhidi ya Waitaliano. Mambo yakaharibika. Ngome waliichukua, lakini ndege za adui zikawatwanga, vifaru vikaharibika, baadhi ya askari wake wakatimua mbio, na yeye badala ya kusonga mbele akasikiliza ushauri wa kurudi nyuma. Baadae aliandika waziwazi kwamba kosa lilikuwa lake, aliogopa. Wewe nionyeshe jenerali wetu yeyote, wa huku ama wa kule, alieandika hivo kuhusu nafsi yake, mimi nitamtengea kabati zima.

Sasa Burma. Machi 1942 Wajapani wameshaingia Rangoon na Slim akakabidhiwa jeshi lililokuwa tayari linakimbia, kazi yake ikawa kulitoa salama mpaka India, karibu kilomita 1,500. Piga hesabu hivi, utoke Kampala mpaka Mombasa, halafu ukifika baharini uambiwe bado. Kwa miguu, huku unapigwa, kwenye joto kali, wagonjwa mgongoni. Walipofika Imphal mwezi wa Mei mvua za monsuni zimeanza, walikuwa wamechakaa kama vitambaa vya kudekia lakini bunduki walikuwa nazo bado, na waliingia kwa vikosi vyao, hawakutawanyika.

Hapo ndo ninapopenda kukaa nikiongea na vijana, kwa sababu Oktoba 1943 alipopewa Jeshi la Kumi na Nne, adui wa kwanza alieshughulika nae alikuwa mbu. Hesabu zake mwenyewe za mwaka huo ni kwamba kwa kila askari mmoja alieondolewa vitani kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa, malaria ndo kinara. Jeshi lilikuwa linaisha kabla hata Mjapani hajapiga risasi. Dawa ilikuwepo, vidonge vya mepakrini, vichungu, vinageuza ngozi inakuwa njano, na askari walikuwa wanavitupa kwa sababu kulikuwa na uvumi eti vinamaliza nguvu za kiume. (Uvumi wa dawa na nguvu za kiume, mnaona haukuanza juzi.) Slim akatoa amri watu wapimwe ghafla, kikosi kizima, na kama walioonyesha dalili ya kumeza hawafiki 95 kati ya kila 100, anafukuzwa kamanda. Kamanda mwenyewe, sio askari! Alifukuza makamanda watatu tu, wengine wote wakaelewa. Kufika 1945 wagonjwa wameshuka mpaka mtu mmoja kwa siku kwenye kila askari 1,000.

Jambo la pili ni chakula. Kikosi kikiwekwa kwenye nusu posho kule mbele, na makao makuu ya Slim nayo yanakula nusu posho. Ukiwa karani wa makao makuu na tumbo linanguruma unaitafuta ile lori ya chakula kwa bidii. Na vitu vingi vilikuwa vinaangushwa kwa ndege, ila miamvuli ya hariri hakuna, Ulaya ndo ilikuwa inapewa kwanza. Wakaenda kwa wenye viwanda vya magunia Calcutta wakawaambia tushonee miamvuli ya juti, nyuzi zilezile za gunia la kahawa. Ule wa hariri ulikuwa zaidi ya pauni 20, wa juti pauni 1 na chenji, na ulifanya kazi karibu sawasawa kwa kuangusha mchele na risasi. Mtu asiangushwe nao bwana, lakini mchele hauvunjiki mguu.

Na sisi tunaingia wapi? Watu wa Uganda zaidi ya 70,000 walivaa sare katika vita ile, na waliokwenda Burma wengi walikuwa kwenye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yao kichwa cha kifaru, huyu wa pembe, chini ya Meja Jenerali Fowkes. Humo kulikuwa na batalioni za keya za Uganda, ya 4, ya 34 na ya 44, pamoja na ndugu zao wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwacholi, Mlangi, Mteso, Mganda, wote wanasikilizana kwa Kiswahili cha jeshi, kikeya, kile ambacho wajukuu zao wanakisema kibaya mpaka leo halafu wanacheka. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika kama mbili, watu 1,297 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Sijui kwa nini vitabu vya shule vinairuka.

Machi 1944 Wajapani wakavuka mpaka kuishambulia India, Imphal na Kohima. Slim alitegemea Kohima ije rejimenti moja, ikaja divisheni nzima, na hilo pia amelikubali kwa kalamu yake kwamba alikosea. Kohima walikuwa wanarushiana mabomu ya mkono kuvuka uwanja wa tenisi wa bwana mkubwa wa wilaya, fikiria, upana wa kiwanja cha netiboli tu kati yako na adui. Lakini mpango wake mkubwa ulishika, aliwavuta waje mbali na maghala yao, mvua iwakute hawana chakula, na kufika Julai Wajapani zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa, kupotea ama kujeruhiwa, njaa na maradhi wakimaliza wengi kuliko risasi.

Kawaida mvua za monsuni zikianza kule vita vinasimama. Slim akasema hatusimami. Waliotumwa kuwafukuzia adui kwenye bonde la Kabaw, katikati ya mvua hiyo, ndo keya wetu. Wakubwa wa jeshi waliamini Mwafrika anahimili malaria kuliko wengine, kwa hiyo mpeleke huko kwenye bonde lililokuwa linaitwa la mauti. Mimi hilo haliniingii vizuri, na malaria yenyewe haikusoma hiyo barua. Njia ilikuwa tope la magotini, lori zinavutwa kwa kamba, nyumbu wanazama, mizoga ya watu njiani kila hatua. Walitembea hivo tangu Agosti, na tarehe 2 Desemba 1944 wakaishika Kalewa kwenye mto Chindwin, wakavuka, na nyuma yao mainjinia wakafunga daraja la vyuma la Bailey la futi 1,154, kama mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina yake wakati ule. Sehemu kubwa ya jeshi lililokwenda kuikomboa Burma ya kati ilipita upande ule walioufungua watu wa huku. Siku chache baadae Slim akapewa cheo cha heshima cha Uingereza kule Imphal, akaitwa Sir William.

Divisheni ikarudishwa India kupumzika, lakini Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, na batalioni ya 7 ya Uganda ikiwemo, ikabaki kufanya mchezo ninaoupenda kuliko yote. Slim alitaka kuvuka mto Irrawaddy kimyakimya aikate Meiktila, kule maghala ya Wajapani yalipo, sasa akaituma brigedi ile chini zaidi mtoni, Seikpyu, ijifanye ndo jeshi kubwa linalokuja kuvuka kwenda visima vya mafuta vya Chauk. Wajapani wakaingia mkenge, wakawavamia kwa nguvu wakawarudisha nyuma mpaka Letse, keya wakapata shida kubwa pale Februari 1945, na huku juu wenzao wanavuka. Meiktila ikaanguka tarehe 3 Machi, Mandalay tarehe 20, Rangoon mwanzoni mwa Mei.

Na asante yake? Mwezi huohuo wa Mei mkubwa wake, Jenerali Leese, akamwambia atamtoa kwenye jeshi lake. Maofisa na askari wakachachamaa, habari zikafika London, alietolewa mwishoni akawa Leese. Slim akaja kuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Uingereza 1948, fildi mashali 1949, gavana mkuu wa Australia 1953 mpaka 1960, akafa London Desemba 1970. Askari wetu walirudi na malipo ya kuagia yaliyokuwa madogo mno ukilinganisha na ya mzungu aliekaa kwenye tope lilelile. Ambao hawakurudi na kaburi halijulikani, majina yao yamechongwa kule Taukkyan, nje ya Rangoon, kwenye mnara wenye majina kama 27,000.

Mwaka jana jajja mmoja alikuja na kopo la majani ya chai, ndani kafunga kitu kwa kitambaa, nyota ya shaba ya pembe sita, na utepe umebaki kipande, buluu nzito, nyekundu pana katikati, na mistari myembamba ya rangi ya chungwa. Nyota ya Burma hiyo, ya marehemu mumewe. Ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya kwa sababu kila Krismasi alikuwa anaisugua kwa majivu na limau mpaka maandishi yameanza kulika. Nikamwomba asiisugue tena. Akaniuliza sasa wageni wataijuaje kama ni ya maana na imefifia hivo, akairudisha kwenye kopo lake, na picha akakubali nipige moja tu.