Ramani ya kidijitali ni nini?

Ramani ya kidijitali ni taarifa zilizofungamanishwa na mahali, ambazo kompyuta au simu huzichora pale unapozitaka. Ile ya karatasi iliyotundikwa darasani imeshachorwa: mto, mji na barabara vimegandana, huwezi kuvitenga. Hii ya kidijitali imepangwa kwa matabaka, kama karatasi angavu zilizopandanishwa. Visiwa tabaka lake, mikoko lake, visima lake, nyumba lake. Unaweka unalolitaka, unaondoa usilolihitaji. Kila kitu hupewa namba za mahali pake, latitudo na longitudo. Mji wa Lamu, pwani ya Kenya, uko karibu na nyuzi 2.27 kusini na 40.90 mashariki.

Shuleni tulisoma jiografia ya maumbile (ardhi, maji, mimea) mbali na jiografia ya binadamu (makazi, kazi, idadi ya watu), kana kwamba hazijuani. Faida kubwa ya matabaka, kwa maoni yangu, ni kuzikutanisha.

Chukua kisiwa cha Amu, ndicho chenye mji wa Lamu. Weka kwanza vilima vya mchanga vinavyoanzia Shela na kufuata ufuo wa kusini. Juu yake weka visima vinavyonywesha mji. Utaona viko huko huko mchangani, kwa sababu mvua hupenya kwenye mchanga, ikachujika, na maji yake matamu yakakaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini. Sasa ongeza nyumba za mitaa ya Mkomani na Langoni, na za Shela. Mji mzima umeegemea mchanga ule! Kisha vuka mlango wa bahari hadi kisiwa cha Manda. Mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Visiwa viwili vinatazamana, na maji yameandika historia ya kila kimoja. Ndiyo maana tabaka la majengo mapya karibu na vilima vya Shela linastahili kutazamwa kwa makini kila mwaka.

Takwimu nazo hupata uhai zikipewa mahali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu. Namba hiyo pekee haikwambii kwamba wengine wamebanana kwenye mji wa mawe usiopitisha gari, na wengine wanalima bara, Mpeketoni, karibu na Ziwa Kenyatta. Kwa upande wa mikoko, picha za setilaiti za Landsat zinarudi nyuma hadi 1972, hivyo unaweza kulinganisha msitu wa zamani na wa leo.

Lakini ramani hujua kile tu ilichoambiwa. Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, huonekana kwenye simu kama buluu moja tu. Nahodha anayekwenda Pate anajua kwamba maji yakipwa, chombo kitakwama pale. Bila tabaka la kujaa na kupwa, buluu ile inapotosha.

Pengo la namna hiyo wenyeji wanaweza kuliziba. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni iliyoanza 2004, humruhusu mtu yeyote kuongeza anachokijua. Ukiwa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, anza na kisima cha mtaa wenu, uandike jina lake na kama maji yake ni matamu au ya chumvi.