Old Sarum: mipaka iliyolala si mipaka iliyochorwa kwa hila

Kila mjadala wa mipaka ya majimbo unapopamba moto, hakosi mtu wa kuitaja Old Sarum kama mfano mkuu wa mipaka iliyochorwa kwa hila ili chama fulani kishinde. Ni kosa linalojirudia mno, na linapotosha hoja yenyewe.

Old Sarum lilikuwa jimbo la uchaguzi huko Wiltshire, kusini mwa Uingereza, lenye wabunge wawili. Lilifutwa mwaka 1832. Waingereza waliyaita majimbo ya namna hiyo majimbo yaliyooza: watu wameondoka, viti vimebaki.

Sasa tuje kwenye mipaka. Palikuwa na mji kweli juu ya kilima hicho, wenye ngome na kanisa kuu. Maji yalikuwa ya shida, na mapadri hawakupatana na askari wa ngome. Mwaka 1220 ujenzi wa kanisa kuu jipya ulianza bondeni, mahali panapoitwa Salisbury leo, na wakazi wakalifuata. Mji ukahama, jimbo halikuhama. Salisbury ikawa na wabunge wake wawili, na kilima kitupu kikaendelea kupeleka wawili wake London kwa karne kadhaa.

Hakuna aliyekaa na ramani akapindisha mstari hata mmoja. Haki ya kupiga kura ilifungwa kwenye viwanja vya ule mji wa zamani, hata kama juu yake hapakuwa na nyumba. Aliyevinunua viwanja ndiye aliyewaamua wabunge. Thomas Pitt, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Madras huko India, alivinunua, na mjukuu wake William Pitt, waziri mkuu wa baadaye, akaingia bungeni kwa kiti hicho mwaka 1735. Mwaka 1802 mali hiyo ikauzwa kwa kabaila mmoja, Earl wa Caledon. Kufikia 1831 wapiga kura walikuwa 11, wala hawakuishi pale. Wakati huohuo Manchester, yenye watu zaidi ya laki moja, haikuwa na mbunge wake hata mmoja.

Hila ya ramani ni jambo jingine kabisa. Jina lake linalojulikana duniani, gerrymandering, lilizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1812, gavana Elbridge Gerry alipotia saini sheria iliyopinda wilaya za uchaguzi ili kukifaa chama chake. Pale kalamu ilitembea. Old Sarum kalamu haikutembea kabisa, na walionufaika walihakikisha haitembei.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu dawa zake hazifanani. Ramani ya hila hutibiwa kwa kumnyang'anya mwanasiasa kalamu. Mipaka iliyolala hutibiwa kwa sheria inayolazimisha mapitio kila baada ya muda, atake asitake aliyeko madarakani. Mwaka 1832 Bunge lilirekebisha, lakini halikuweka utaratibu wa mapitio ya kila baada ya muda. Tume za kudumu za mipaka Uingereza ilizipata kwa sheria ya 1944.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba jimbo limekatwa ili kumwangusha mtu, amtaje Gerry. Old Sarum amwachie yule anayeuliza kwa nini jimbo lenye watu wachache bado lina kura bungeni sawa na lile lenye watu mara tano yake.